Sekunde Kumi na Moja za Handaki

Siku ile mliponiandalia keki na chai ya kuniaga kazini, vijana wangu, nilisema sentensi mbili nikakaa. Nilisema asanteni, nikasema Mungu awabariki. Mkadhani Shosh, bibi yenu wa kazini, amezidiwa na machozi. Nilikuwa nimezidiwa na hasira, na kama ningeendelea kusimama pale ningewaharibia sherehe. Kwa hiyo nayaandika haya nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Landless, Thika, kwenye meza yangu mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtu wa kunikatiza kwa makofi.

Kilichonikasirisha ni maneno ya Director. Kimani alisimama na kikombe chake akawaambia kwamba toleo jipya la gemu yetu halitakuwa tena na handaki, lile la buluu ambalo chombo hupita kikiruka kutoka nyota moja hadi nyingine. Akasema zile sekunde kumi na moja za kungoja ni "ile kitu fundi mmoja wa kitambo alisahau kurekebisha." Mkacheka. Wewe Brian ulicheka kuliko wote, na wewe ndiye ninayekupenda. Fundi huyo ana jina. Anaitwa Wafula, na hakusahau kitu.

Basi someni kwa utaratibu, kwa sababu nitaeleza kwa utaratibu, na mkifika mwisho hamtakuwa na la kucheka.

Kabla ya kuja Ruiru nilikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda kimoja cha hapa Thika. Kitambaa kilipita juu ya meza ya kioo iliyowashwa taa kwa chini, nami nilisimama na chaki nikiweka alama kila palipokatika uzi au palipodondoka mafuta ya mashine. Nilifanya hivyo mpaka miguu ikavimba na viatu vikabadilika saizi. Kitu kimoja tulichofundishwa siku ya kwanza, na tukakirudia kama sala, ni hiki: ukaguzi hufanywa penye taa kali kuliko zote. Taa hafifu huficha kasoro, na taa kali huianika. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Kiwanda kilipofungwa tulikuta geti limetiwa kufuli asubuhi, sisi tukiwa nje na vyakula vyetu vya mchana mkononi. Nilikaa nyumbani miezi mingi. Mama yake Kimani tulikuwa tunaimba naye kwaya, akaniambia kijana wake amefungua kampuni ya gemu za kompyuta huko Ruiru, juu ya duka la vyakula vya mifugo, na anatafuta mtu anayeweza kurudia jambo moja mara mia mbili bila kusinzia. Wakati huo gemu kwangu ilikuwa karata. Nilienda.

Siku ya kwanza harufu ya chakula cha kuku ilikuwa inapanda kwa ngazi hadi juu, jinsi inavyopanda hadi leo. Wafula ndiye aliyenivutia kiti. Alikuwa mtu wa pande za Bungoma, mpole, aliyewahi kutengeneza redio pale Witeithie na kujifunza kuandika programu kwa vitabu vilivyong'oka majalada. Chai yake ilikuwa nyeusi na alikunywa kwa kijiko, polepole, kama dawa.

"Karibu, Mama Wairimu," akasema. "Hapa wewe ni dereva wa chombo cha mizigo. Hii nyota ndiyo uko. Ile ingine ndiyo unaenda. Bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Skrini ikajaa handaki la buluu linalozunguka, kisha likafunguka na mbele yangu kukawa na jua lingine.

"Hizo nyota ziko mbali aje?" nikamuuliza.

"Mwangaza wenyewe ukitoka hapa unafika kule baada ya miaka nane."

"Na mimi nimefika saa hii? Shule tulifunzwa hakuna kitu inapita mwangaza."

"Mlifunzwa poa kabisa. Hakuna." Akatabasamu. "Sisi hapa tunadanganya. Kazi ni kudanganya vizuri."

Alijua nimetoka kwenye vitambaa. Akachukua kile kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikunja ncha mbili zikakutana, akachoma kalamu upande mmoja ikatokea wa pili. Huo ni uongo wa kwanza, akasema: anga inakunjwa, na chombo kinapita kama sindano. Kuna gemu zingine hujenga mlango huku na mlango kule, na vyombo vinapanga foleni kama malori kwenye mizani. Zingine hufungia chombo ndani ya kiputo, chombo kinatulia tuli na anga yenyewe ndiyo inayosukumwa, ili ile sheria ya mwangaza isivunjwe mchana kweupe. Na zingine hukupitisha mahali pengine kabisa ambako safari ni fupi, jinsi mtu anavyoacha barabara na kukatiza ndani ya mashamba ya kahawa.

"Chagua uongo wowote," akasema. "Lakini player lazima auhisi. Ama mafuta iishe, ama injini ipate joto, ama angoje. Akipewa bure, hii anga yote inakuwa ndogo kama kiosk."

"Na yetu?"

"Yetu anangoja. Na hapo hatudanganyi. Kompyuta haiwezi kubeba nyota zote mara moja. Wewe ukiangalia handaki, huko nyuma inatupa nyota ya zamani na kuvuta mpya kutoka kwa diski. Handaki ni pazia, Mama. Sasa kazi yako ni kuniambia kama pazia inaonyesha miguu."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kitu kigumu kwa maneno machache hivyo. Nyinyi mnafunguliwa mafaili na mikutano ya saa mbili na bado mnaniuliza mruko ni nini.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa kikombe. Ndani ya chumba cha dereva, Wafula alikuwa amechora kikombe cha chai juu ya dashibodi. Nilipoendesha chombo mbali sana bila kuruka, kikombe kilianza kutetemeka. Kidogo tu. Vijana wote wakasema hawaoni. Nikachukua chaki yangu ya kiwandani nikakizungushia duara papo hapo kwenye skrini, na Kimani karibu alie, maana skrini ilikuwa mpya. Lakini Wafula aliinama akatazama lile duara kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba kompyuta hujua mahali pa chombo kwa namba, zikihesabiwa kutoka katikati ya anga, na ukienda mbali namba inakuwa kubwa mno hata ile mikia midogo baada ya nukta inaachwa. Kikombe hakijui tena kiko wapi hasa, basi kinarukaruka. Dawa yake ilimchukua mwezi. Tangu siku hiyo chombo chetu hakiendi popote. Kinakaa katikati, na anga yote ndiyo inayorudishwa nyuma. Brian, wewe uliwahi kuniambia hiyo ni mbinu mpya uliyoisoma kwenye mtandao. Nilinyamaza kwa heshima.

Baada ya kikombe, Kimani akanipa nguvu. Nilimwambia kiwandani hakuna robota iliyotoka bila cheti cha mkaguzi, akapenda, akachapisha vyetu. Mnavijua, mpaka leo mnavitumia: karatasi ndogo yenye mistari mitatu. Kazi. Kasoro. Saini. Kama hakuna kasoro unaacha mstari wa kati wazi, unatia saini, na toleo linatoka. Hakuna kilichotoka bila mimi. Nilijivuna sana kwa hilo, afadhali niseme.

Sasa zile sekunde. Hazikuotwa na mtu. Hapa Landless kuna chumba cha gemu cha rafiki yangu Nyokabi, mwenye kompyuta saba kuukuu alizonunua zikiwa zimechoka tayari. Wafula alisema wachezaji wetu wengi wako kwenye mashine za namna hiyo, basi kila toleo tuliliwahisha kwa Nyokabi kabla ya kulitoa. Iliyokuwa mbaya kuliko zote ni namba nne. Diski yake ililia kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Nilikaa nayo na ile saa ya kengele ninayotumia kuokea mkate, nikapima mruko mara sitini. Nyota mpya ilichukua sekunde tisa kufika. Wafula akaongeza mbili, akasema ni za pumzi, kwa siku ambayo namba nne itaamka vibaya. Tisa na mbili. Ndizo mlizokuwa mnazichekea mkiwa na keki mdomoni.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Handaki likifunguka, papo hapo gemu ilijihifadhi, ili stima ikipotea mchezaji akute chombo chake kwenye nyota aliyofika. Stima ya Landless mnaijua.

Mambo yaliharibika Kimani aliponunua kompyuta mpya. Kwenye hizo, nyota ilifika kwa sekunde mbili. Halafu watu fulani wakaandika mtandaoni kwamba mruko wetu unachosha. Kimani akaingia chumbani akasema handaki liwe sekunde tatu, na litoke wiki hiyo hiyo.

"Director, usiguse hiyo namba," Wafula akamwambia. "Nipe wiki mbili. Nitaandika handaki ingoje nyota. Nyota ikifika, inafunguka. Mashine poa, sekunde mbili. Mashine mbaya, hata kumi na tano. Hakuna mtu atalia."

"Wiki mbili sina."

"Basi wacha kumi na moja."

"Wafula, hii ni namba moja tu. Natoa kumi na moja, naweka tatu. Hata mimi naweza."

Na akaifanya mwenyewe, Kimani, kwa mikono yake, Wafula akiwa ameenda kunywa chai yake nyeusi. Nilimwona akiinama kwenye ile kompyuta. Alipomaliza alinigeukia akasema, "Mum, kupima si lazima uende Landless. Pimia hapa, kwa mashine mpya."

Na mimi nikaona ni sawa. Hapa ndipo hasira yangu inageuka na kunitazama mimi. Sikuona sawa kwa kuwa Kimani ni mkubwa. Niliona sawa kwa sababu ya kiwanda. Kichwani mwangu ile mashine mpya, yenye skrini inayong'aa na picha safi, ilikuwa ndiyo taa kali. Nilijiambia kama kuna kasoro itaonekana hapa kuliko kwenye giza la namba nne. Nilikuwa nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba kompyuta nzuri ndiyo inayoficha kasoro na mbovu ndiyo inayoianika, kinyume kabisa cha kitambaa. Nilijua. Lakini mkono ulienda ulikozoea. Nikaruka mara arobaini, mara arobaini nyota ikanipokea, nikaacha mstari wa kati wazi, nikatia saini.

Jumamosi asubuhi Nyokabi akanipigia simu. Alikuwa na mashindano siku hiyo, vijana kutoka Makongeni na Kiganjo wamejaa mpaka mlangoni.

"Mama Wairimu, hizi nyota mmepeleka wapi?"

"Nyota gani?"

"Aki usiniulize gani. Mtu anaruka, anatokea kwa giza. Hakuna jua, hakuna kituo, hakuna kitu. Chombo inaanguka tu. Anazima, anawasha, bado ni giza."

Nilielewa kabla hajamaliza. Handaki lilikuwa linafunguka sekunde ya tatu, nyota ikiwa bado inavutwa, na gemu ikijihifadhi papo hapo, ndani ya giza lile. Kila anayeifungua tena alirudishwa gizani. Hakukuwa na njia ya kutoka, kwa maana hakukuwa na nyota ya kurukia. Watu waliokuwa wamesafiri katika gemu ile kwa mwaka mzima, miaka miwili, wamejenga vituo na kuvipa majina ya mama zao, walipoteza vyote kwa kubonyeza kidude kimoja. Nilienda kwa Nyokabi kwa miguu nikajionea. Mwanamume mmoja mzima, fundi wa bomba, alikuwa ameketi mbele ya namba nne akitazama skrini nyeusi, na hakunisalimu.

Jumatatu tukaitwa mezani. Kimani alikuwa amelala vibaya, sauti imemkauka.

"Mruko ni wa nani hapa?" akauliza.

Vijana wakamtazama Wafula. Ni kweli, mruko ulikuwa wake, kila mtu alijua. Cheti changu kilikuwa mbele ya Kimani, kimelazwa kifudifudi. Alikuwa amekisoma. Hakutaka kukifunua, kwa sababu kingeleta swali la nani aliyebadilisha namba, na mimi sikutaka akifunue. Tulikuwa wawili tunaojua, na karatasi moja katikati yetu.

Wafula akanigeukia. Hakukasirika. Aliuliza tu kama anavyouliza kila wiki.

"Mama, ulipima kwa namba nne?"

Nikasema, "Nilipima."

Ilikuwa kweli kwamba nilipima. Aliyasikia yale maneno, akangoja yaliyobaki, hayakuja. Nilikuwa naliona lile geti la kiwanda lenye kufuli na mimi nje. Alinitazama mpaka akajua, halafu akatazama mikono yake. Hakunitaja, na Kimani alipomfuta kazi hakujitetea. Akachukua chuma chake cha kulehemu kutoka kwa droo, kikombe na kijiko, akashuka ngazi. Kimani akawaandikia wachezaji barua kuwa ni kosa la mwandishi wa programu ambaye hayuko tena nasi. Jina la Wafula likafutwa kwenye orodha inayopita gemu ikianza. Namba ikarudishwa kumi na moja. Mimi niliokota kile cheti kwenye pipa la taka, nikakiweka ndani ya Biblia yangu.

Miaka yote iliyofuata mlinijua kama yule mama mkaidi. Kila aliyetaka kupunguza handaki nilimnyima saini. Kimani hakunilazimisha, maana aliogopa ninachokijua juu ya siku ile. Nilijipa moyo kwamba nailinda kazi ya Wafula. Nilifundisha wasichana na wavulana kumi hivi kupima kwa mashine mbovu kwanza, wakanishukuru, na mara zote shukrani zao zilinipita kama chakula kisicho na chumvi. Witeithie, alikorudi Wafula, ni karibu kiasi kwamba hata mtu mwenye miguu yangu angeweza kufika. Sikwenda.

Nilienda wiki iliyopita, baada ya keki yenu. Sasa anatengeneza simu, kwenye kibanda chenye dirisha moja, mvi zimemjaa na chai bado anainywa kwa kijiko. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Nikamwonyesha cheti. Nikamwambia Kimani anataka kuondoa handaki, lakini mimi nimezilinda zile sekunde kumi na moja zake mpaka siku niliyotoka.

Akaweka simu ya watu chini.

"Kumi na moja?" akasema. "Bado ni kumi na moja?"

"Bado."

"Mama Wairimu, hiyo namba ilikuwa ya namba nne. Hiyo mashine hata Nyokabi alishatupa. Mimi niliomba wiki mbili niitoe."

Nikakirudisha cheti mkobani.

"Miaka hii yote umelinda namba," akasema, na hapo ndipo nilipoisikia hasira yake, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. "Namba haikuwa imefukuzwa na mtu."

Alinimiminia chai. Nilipoinuka kwenda, alichana karatasi ya risiti akaandika nyuma yake mistari sita ya jinsi handaki linavyopaswa kuingoja nyota. Hakutazama popote. Alikuwa nayo kichwani tangu siku ile.

Kwa hiyo Brian, na wenzako, sikilizeni. Handaki msiliondoe, kwa maana mkiliondoa nyota bado itachukua muda kufika, na kuna mtu mahali fulani kwenye mashine mbovu atakayeanguka gizani. Na kumi na moja msiiache pia. Andikeni ile mistari sita. Kisha rudisheni jina lake mwanzoni mwa gemu, juu ya la Kimani, na Kimani akiuliza ni amri ya nani mwambieni asome ubao ulio karibu na birika.

Nilipita Ruiru leo asubuhi kabla hamjafika, askari akanifungulia. Karatasi ya Wafula nimeibandika hapo ubaoni, na chini yake kile cheti chenyewe, cha siku ile, chenye saini yangu. Mstari wa kati sikuuacha wazi tena. Kwenye kasoro nimeandika jina langu.